Kiunzi cha Mawifi

Katika kijiji cha Iwadani watu walikuwa na utani wao juu ya nyumba ya Yasaku mtengeneza karatasi. Walisema humo ndani mna ndoa mbili: moja ya Yasaku na mkewe Ine, na nyingine ya Ine na wifi yake Tazu, na kwamba hiyo ya pili ndiyo yenye vita na ndiyo inayoleta mchele.

Tazu alikuwa dada mkubwa wa Yasaku. Aliolewa ujanani, mume akafa kabla hawajazoeana, akarudi kwao na hasira zake pamoja na mikono ambayo bonde zima liliiheshimu. Ine alikuja baadaye, bibi harusi kutoka pwani, binti wa watu wanaovuna mwani, asiyejua karatasi isipokuwa ile ya kufungia samaki. Wakawekwa kwenye kiunzi kimoja.

Karatasi ndogo mtu huichota peke yake. Lakini karatasi ya milango ya hekalu ni ndefu kuliko mtu aliyelala, na kiunzi chake, kilichotandikwa mkeka wa vijiti vya mianzi vyembamba kama sindano, huning'inizwa darini kwa kamba ili uzito wa maji usiwavunje watu migongo. Wanawake wawili husimama wakitazamana, kila mmoja upande wake wa hodhi la mbao. Wanazamisha pamoja, wanainua pamoja, wanayatikisa maji yaende na kurudi, kisha wanayatupa yaliyobaki kwa mpigo mmoja. Mmoja akimtangulia mwenzake hata kiasi cha kupepesa jicho, karatasi inaota kitambi upande huu na kukonda upande ule, na kazi yote inarudi hodhini.

Majira yale ya kwanza ya baridi, kazi nyingi ilirudi hodhini.

"Huo ni uji wa mgonjwa," Tazu alikuwa akisema, huku akiupindua mkeka. "Kampe paka."

Siku moja unywele wa Ine ulichomoka chini ya kitambaa cha kichwa ukaingia kwenye karatasi. Hakuna aliyeuona mpaka karatasi ilipokauka na kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha. Tazu akaichana mbele ya watu wote, vipande akavitumbukiza majini kwa fimbo.

"Huko kwenu kwenye mwani sijui mnafanyaje," alisema. "Hapa, karatasi yenye unywele haivuki kizingiti cha nyumba hii. Umesikia, wifi?"

Ine alisikia. Alikwenda kulia kwenye banda la kuni, na tangu siku hiyo akawa anafunga kitambaa mpaka paji la uso linauma. Pia akaanza kuomba. Kila majira ya kuchipua, wanaume waliposhuka mlimani na kiti cha mungu wao, Mama wa Juu ya Mto, mabegani, yule aliyekuja zamani akiufuata mto, akawafundisha wazee wa Iwadani kutengeneza karatasi na kukataa kutaja jina lake, Ine aliinamisha kichwa pamoja na wengine na kusema moyoni: Mama, mpatie wifi yangu mume. Awe mzuri, awe tajiri, lakini zaidi ya yote awe wa mbali.

Mkwewe, Bi Kura, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa ya popo, aliwahi kumsikia akinong'ona.

"Dua la kuku halimpati mwewe, mwanangu," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Miaka ikapita hivyo. Mawifi wale hawakugombana kwa maneno, maana hawakuwa na maneno. Asubuhi waliambiana baridi ni kali. Jioni waliambiana kazi imekwisha. Katikati yake walisimama uso kwa uso kutwa nzima, na Ine alijifunza kuitazama mikono ya Tazu kama mtu anayevuka mto anavyotazama jiwe la kukanyaga. Karatasi zao zikawa nzuri, kisha zikawa nzuri mno, hata wafanyabiashara wa mjini wakawa wanazigusa kwa ncha za vidole. Tazu hakuwahi kusema moja kati yake ni nzuri. Aliacha tu kuziita uji.

Basi majira fulani ya baridi mshenga akapanda Iwadani, theluji imemfika magotini. Kulikuwa na mjane wa mjini, Bwana Kyubei, mtia nguo rangi ya nili, aliyekuwa anatafuta mke mtu mzima mwenye akili.

Tazu alikuwa anakaanga mbegu za ufuta. Hakugeuka.

"Ana meno?"

"Anayo, tena mengi," alisema mshenga.

"Basi atajitafunia figili mwenyewe. Na hodhi zake za rangi, ni kweli kwamba hukaa na joto mwaka mzima?"

"Lazima. Nili ikipoa inakufa. Zimezungukwa na makaa usiku na mchana."

Tazu akaitazama mikono yake. Ilikuwa myekundu, imevimba kwenye viungo, vidole viwili havikunyooka tena. Karatasi haitaki maji ya joto, hata ya uvuguvugu, na mikono hiyo ilikuwa imekaa kwenye maji ya theluji tangu usichana.

"Mwambie nitakuja hekalu likishapata karatasi zake," alisema.

Ine alikuwa mlangoni na kuni mkononi. Furaha ilimpanda mpaka akaogopa itaonekana usoni, akarudi nje. Huko nje, kwenye theluji, akajikuta hajui aweke wapi zile kuni.

Hekalu lililoagiza lilikuwa lile la ng'ambo ya mlima, lililoungua na kujengwa upya. Lilitaka karatasi za milango ya ukumbi mkuu, ambazo mchoraji angekuja kuzichora ndege korongo na misonobari. Yasaku, ambaye alikuwa mtu mwema na mwoga wa mawazo marefu, alimleta Mitsu, binti wa binamu yake, ajifunze nafasi ya Tazu kabla Tazu hajaondoka. Mitsu alikuwa na mabega ya mwanamieleka na moyo mweupe. Ine akasimama naye kwenye kiunzi. Wakazamisha, wakainua, wakatikisa. Karatasi ikatoka na kitambi.

"Tena," alisema Ine.

Ikatoka na vitambi viwili.

Tazu alikuwa amekaa pembeni anakanda mlenda wa mzizi. Ni mmea wa ukoo wa bamia, mzizi wake hupondwa ukatoa ute, na ute huo ukitiwa hodhini nyuzi za maganda ya mforsadi, ndizo zinazokuwa karatasi, huelea zikatulia badala ya kuzama. Aliwatazama wale wawili, akafungua mdomo. Ine akasubiri. Alikuwa radhi hata aambiwe uji.

"Mbavu za mtu si miguu ya meza," Tazu akamwambia Mitsu. "Pumua, mtoto." Kisha akarudi kwenye mlenda wake.

Usemi wa wahenga ni kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Ine sasa ndipo alipouelewa. Zimwi lake lilikuwa linafunga mizigo. Kilichomuuma hakikuwa tu kwamba kiunzi kikubwa kingetundikwa ukutani kikauke na kupasuka. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke aliyetazamana naye uso kwa uso kuliko alivyotazamana na mumewe angeshuka mlima bila kumwambia neno, na Ine asingejua kamwe alikuwa nani mbele ya macho yale: wifi, au mpini wa upande wa pili tu. Alitaka neno moja. Lilikuwa jambo dogo, na aliona haya kulitaka kiasi kile.

Lakini naye hakusema. Mtu aliyeomba dua aende kwa nani kuiomba irudi?

Kazi ya hekalu waliifanya wao wawili, Mitsu akitazama. Kila karatasi ilipochotwa, walitoa mkeka kwenye kiunzi, wakaugeuza juu ya rundo na kuubandua taratibu, na karatasi mpya ikabaki imelala mbichi juu ya wenzake, haina kitambaa kati wala jani.

"Zitatokaje?" Mitsu aliuliza siku ya kwanza, macho yamemtoka. "Si zote ni maji matupu? Zitagandana ziwe tofali!"

"Hazigandani," alisema Bi Kura kutoka kwenye beseni lake la maji ya chemchemi, alipokuwa akiondoa takataka kwenye maganda kwa kupapasa. "Mlenda ndio unaozifundisha nyuzi kushikana, na mlenda huo huo ndio unaozifundisha karatasi zilale kifua kwa kifua na kila moja ibaki ni yenyewe. Usiniulize kwa nini. Nimezaliwa nimeukuta, na hadi leo kila rundo linalobanduka nashukuru."

Akaongeza, bila kuinua uso, "Nilishafikiria kuwanywesha hawa wawili wangu bakuli zima zima."

Karatasi ya mwisho ya agizo ikalazwa mchana mmoja jua limetoka. Ine akaanza kufungua kamba za kiunzi.

"Bado," alisema Tazu. "Tuchote moja ya ziada. Hekalu ni hekalu, lolote laweza kutokea."

Ine akarudi mahali pake. Maji yalikuwa yamebakiwa na nyuzi za kutosha moja tu. Tazu akakoroga, akaonja ute kwa vidole, akaongeza kata moja, akashika upande wake.

"Wifi," alisema. "Wewe tangu uje unanitazama mikono. Leo funga macho."

"Nifunge macho?"

"Umekuwa kiziwi pia? Funga."

Ine akafunga.

Mwanzoni hakuona kitu ila woga wake. Kisha kiunzi kikashuka, na mikono yake ikawa imeshashuka nacho kabla hajaiamuru. Maji yakaingia juu ya mkeka, akayasikia uzito wake yakitandaa kutoka upande wa Tazu, yakaja kwake, yakagonga ubao karibu na tumbo lake, yakarudi. Ndani ya maji yale alimsikia Tazu. Alimsikia akivuta pumzi. Alisikia kidole kibovu cha mkono wa kushoto kikiepuka kubana, na bega la kulia likikibebea mzigo, na akatambua kwamba bega lake mwenyewe la kushoto lilikuwa linapanda kidogo, pasipo kuombwa, kuupokea mzigo huo, na kwamba lilikuwa likifanya hivyo kwa miaka. Hakuwahi kulijua hilo. Nyuzi zikawa zinatua, maelfu, kila moja ikitafuta mahali pa kulala juu ya wenzake, na wimbi likawa linakwenda na kurudi baina ya wanawake wawili bila yeyote kulisukuma. Ilimjia kwamba yule Mama wa Juu ya Mto hakukataa kutaja jina lake kwa kiburi. Labda hapa katikati ya hodhi hapakuwa na jina la mtu lililofaa.

"Simama," alisema Tazu kwa sauti ndogo.

Kiunzi kikatulia kwenye kamba zake. Upande wa pili ukawa mwepesi kidogo, mikono ya Tazu imetoka. Anafuta pua, Ine aliwaza. Kisha mikono ikarudi.

"Haya."

Wakazamisha tena, safu juu ya safu, wakatikisa, na ulipofika wakati wa kuyatupa maji hakuna aliyetoa ishara. Yaliondoka kwa mpigo mmoja, sauti moja safi kama shuka inapokung'utwa, na Mitsu aliyekuwa anatazama akasahau kufunga mdomo.

Ine akafungua macho. Karatasi ilikuwa imelala kwenye mkeka, haina kitambi wala wimbi, inang'aa kwa maji. Alimtazama Tazu. Sasa atasema, aliwaza. Asiposema sasa hatasema tena.

Tazu alikuwa anajifunga upya kitambaa cha kichwa.

"Kazi imekwisha," alisema, kama jioni zote.

Rundo liliwekewa mawe juu, maji yachuruzike polepole. Siku ya pili Tazu akaondoka. Alivaa viatu vya majani, akabeba furushi dogo mgongoni, akamshika mama yake mikono kwa muda mrefu, akamwambia Yasaku aache kunywa na majirani. Mbele ya Ine akasimama. Theluji ilikuwa inayeyuka kwenye mapaa na matone yakawa yanaanguka baina yao.

"Mlenda wa mwaka huu mwepesi," alisema Tazu. "Mwaka kesho ongeza."

"Ndiyo, wifi," alisema Ine.

Basi ndiyo hayo. Akageuka, akafuata njia ya mto na mshenga mbele yake, na Ine akasimama kizingitini mpaka miguu ikafa ganzi. Hakulia. Alikuwa na hasira mno ya kulia. Miaka yote ile, na neno la kuagana likawa mlenda!

Wakabandua rundo yeye na Mitsu. Ine alikunja kona ya karatasi ya juu, akapuliza kidogo, na karatasi ikaachana na mwenzake bila kunung'unika, ndefu, mbichi, nzima. Mitsu alipiga ukelele, kisha akafunika mdomo kwa aibu. Hata Ine, aliyekuwa na moyo mzito kama jiwe la rundo, alisikia ile ajabu ya zamani ikimgusa kifuani. Wakazibandika kwenye mbao kwa brashi, na chumba cha moto kikazikausha taratibu.

Zilipokauka Yasaku akazipitisha moja moja mbele ya dirisha kubwa. Zilikuwa safi. Mwanga ulipita ndani yake ukatoka upande wa pili umelainika, na Yasaku kila mara akaguna kwa kuridhika. Akafikia ile ya ziada. Akaisogeza karibu na macho.

"Ine, njoo. Kuna unywele."

Ulikuwepo. Unywele mrefu wa kijivu, katikati ya safu na safu, uko ndani hasa ya karatasi.

"Wa dada," alisema Yasaku, amepigwa na butwaa. "Dada! Tangu nizaliwe sijaona ameangusha unywele. Kweli amezeeka. Bahati nzuri hii ni ile ya ziada. Mpe Mitsu airudishe hodhini, na mtu asitoe habari hii nje, tafadhali, tusimwaibishe."

Akanyoosha mkono kuichana.

"Usiiguse!"

Yasaku aliruka. Mkewe alikuwa hajawahi kumpigia kelele, hata mwaka ule alipouza jembe la baba yake kwa ajili ya pombe.

Ine alikuwa anautazama ule unywele. Unywele unaoanguka hujikunja. Yeye alijua, wa kwake ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe. Huu ulikuwa umenyooka. Ulianzia kwenye ukingo aliposimama Tazu, ukaenda moja kwa moja kuelekea ukingo aliposimama Ine, umetandikwa kwa vidole, taratibu, na mtu aliyekuwa na muda. Akakumbuka kiunzi kilivyokuwa chepesi upande wa pili. Akakumbuka kitambaa cha kichwa kikifungwa upya. Akakumbuka pia banda la kuni, na vipande vya karatasi vikizamishwa kwa fimbo, na sauti ile.

"Karatasi yenye unywele haivuki kizingiti cha nyumba hii," alisema Ine. "Si ndivyo alivyosema? Haiendi hekaluni, haiendi mjini, haiuzwi. Inabaki. Mume wangu, ameuweka yeye. Ameuweka ili abaki."

Yasaku akatazama karatasi, akamtazama mkewe, asielewe vizuri. Lakini Bi Kura alikuwa ameshasogea kwa kushika ukuta. Akainua mkono, na vidole vile vilivyoondoa takataka kwenye maganda maisha yake yote vikatembea juu ya karatasi, vikauona unywele, vikaufuata kutoka mwanzo wake mpaka mwisho wake, polepole, kama anavyopapaswa mtoto utosini.

"Huyu mwanangu," alisema, "tangu mdogo hakujua kuaga."

Hapo ndipo Ine alipolia, wala hakwenda kwenye banda la kuni. Alilia palepale mbele ya mumewe, mkwewe na Mitsu, kwa sauti, uso ameugeuzia pembeni ili chozi lisidondokee karatasi.

Waliibandika kwa gundi ya wali kwenye mlango wa kuteleza, ule unaotoka jikoni kwenda kwenye chumba cha hodhi. Wageni wanaoujua ufundi huuona unywele upesi, wakatazama chini kwa adabu, wakidhani nyumba ya Yasaku imefilisika kiasi cha kutumia karatasi mbovu. Ine huwaacha wadhani.

Majira ya baridi yaliporudi, siku ya kwanza ya kuchota, jua lilipanda juu ya mlima likapiga mlango ule, na unywele ukaonekana, mweusi sasa kwa sababu ya mwanga nyuma yake. Mitsu alikuwa ameshasimama upande wa Tazu, amebana mbavu kwa woga. Ine akasimama kidogo mbele ya mlango.

"Baridi ni kali, wifi," alisema.

Kisha akafunga kitambaa, akahakikisha hakuna hata unywele mmoja uliotoka, akauteleza mlango na kuingia kazini.

"Mitsu," alisema, akishika upande wake wa kiunzi, "usinitazame mikono. Funga macho."